Mkwaju Kati ya Majina Mawili

Nangurukuru ni njia panda. Anayetoka Dar es Salaam akifika hapa ana mambo mawili: anyooke kwenda Lindi na Mtwara, au akate kushoto kwenda Kilwa Masoko, ambako mashua huvuka kwenda Kisiwani. Wengi wanashuka tu, wananunua korosho na chai, wanauliza choo kiko wapi, wanapanda tena. Mama mdogo wangu amekuwa akiwauzia chai tangu mwaka 2003, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kule Rufiji na wasafiri wakaacha kusubiri kivuko cha Ndundu. Na tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, mwaka 2023, tunakesha kwa zamu, yeye na mimi.

Zamu yangu ni ya kusoma. Kati ya basi na basi kuna nusu saa, wakati mwingine saa nzima, na birika likishakaa juu ya mkaa halina haja ya mtu wa kulitazama. Ninawasha simu, ninapunguza mwanga, ninasoma hadithi za Sherlock Holmes na Daktari Watson ambazo Arthur Conan Doyle hakuziandika. Zimeandikwa na wasomaji wake. Na katika nyingi ninazozisoma, Holmes na Watson wanapendana, na si kwa urafiki peke yake.

Najua sentensi hiyo inaweza kumfanya mtu aache kusoma hapa hapa. Mimi mwenyewe nilikaa miaka sita bila kumwambia yeyote niliyeweza kumtazama usoni. Ninaandika sasa kwa sababu ya jambo lililotokea Mei 2024, mwezi ambao barabara ilikatika, kisha intaneti ikakatika, na mama mdogo akaihakiki kazi yangu kuliko mwalimu yeyote aliyenifundisha historia chuoni. Lakini ili nilieleze vizuri lazima nianzie mbali.

*

Hadithi za namna hii zina historia yake, na historia hiyo ina tarehe.

Kati ya 1966 na 1969 televisheni ya NBC ya Marekani ilionyesha tamthilia ya Star Trek, iliyohusu Kapteni Kirk, msaidizi wake Spock na safari zao kwenye nyota. Tamthilia iliposimamishwa, watazamaji hawakukubali kwamba imekwisha. Wengi wao walikuwa wanawake. Waliendelea kutunga safari mpya, wakazipiga taipu, wakazirudufu na kutumiana kwa posta katika vijarida vya kujitolea. Mwaka 1974 kijarida kimojawapo, kilichoitwa Grup, kilichapisha hadithi fupi ya Diane Marchant, mwanamke wa Australia. Ndani yake kuna watu wawili wanaopendana, na hawatajwi kwa majina. Waliosoma waliwajua.

Baada ya hapo waandishi walizoea kuandika majina ya wahusika hivi: Kirk/Spock. Alama hiyo ya katikati, ambayo sisi kwenye somo la sarufi tuliambiwa inaitwa mkwaju, ndiyo iliyoipa aina hii ya hadithi jina lake kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili mimi naziita hadithi za mkwaju.

Intaneti ilipofika, vijarida vilihamia huko. Mwaka 1998 ukafunguliwa mtandao wa FanFiction.Net, na watu wakapata mahali pa kuweka hadithi bila kununua stempu. Lakini nyumba ya kupanga ina mwenyewe. Mwaka 2002 mtandao huo uliamua kuondoa hadithi zote za watu wazima, na kazi nyingi zikapotea. Mei 2007 kampuni ya LiveJournal ilifunga mamia ya kurasa kwa mkupuo mmoja, zikiwamo za waandishi na wasomaji wa hadithi hizi, na majina yao yakaonekana yamepigwa mstari katikati kama wanafunzi waliofutwa kwenye daftari la mahudhurio.

Sisi tuliokuwa chuoni mwaka 2018 hatuhitaji kuelezwa sana hali hiyo. Mwaka huo zilitungwa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu alipie leseni, na mwezi Juni JamiiForums ikazimwa kwa muda. Nilikuwa ninafuata wasimulizi kadhaa wa Kiswahili walioandika riwaya zao kwa sura, sura moja kila wiki. Baadhi walinyamaza katikati ya hadithi. Hadi leo sijui yule binti wa Tandika alifika kwa mganga au hakufika.

Waandishi wa mkwaju walifanya nini? Walijenga nyumba yao. Mwaka huo huo wa 2007 kundi lao, akiwemo mwandishi wa riwaya Naomi Novik, lilianzisha shirika lisilo la faida, na Novemba 2009 likafungua hifadhi iitwayo Archive of Our Own. Jina hilo linaikumbuka insha ya Virginia Woolf ya mwaka 1929, ile inayodai kwamba mwanamke anayetaka kuandika anahitaji fedha na chumba chake mwenyewe. Kompyuta zinazotunza hadithi hizo ni mali ya shirika. Hakuna matangazo, gharama zinalipwa kwa michango. Mwaka 2019 hifadhi hiyo ilipewa tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya fasihi ya sayansi ya kubuni.

Hakuna mwandishi anayelipwa humo hata senti. Ujira wake ni maoni ya wasomaji chini ya kila sura. Hapo ndipo nilipoingia mimi.

*

Rafiki niliyelala naye chumba kimoja hosteli ndiye aliyenionyesha. Alikuwa anasoma sheria na alikuwa na bando kuliko sisi wote. Nilianza kwa udadisi, nikaendelea kwa sababu ambayo ilinichukua muda kuijua: nilizoea kusoma vitabu ambavyo watu wake walikuwa wamekwisha kuhukumiwa. Hapa nilikuta waandishi wasiochoka kuuliza swali moja. Huyu alisema hivi. Alikuwa anaficha nini?

Na kabla hujasema haya ni mambo ya Wazungu, kumbuka kwamba pwani yetu ilimsoma Holmes zamani na ikamjibu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la hadithi la mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikatoka kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko mdomoni na ana rafiki, Najum, wa kumshangaa anapofumbua mafumbo. Wahakiki wameandika mara nyingi juu ya udugu wake na Holmes. Abdulla alimpenda mtu wa London, akamhamishia kwenye mashamba ya mikarafuu, akambadilisha hadi akawa wetu. Hakuweka mkwaju kati ya Bwana Msa na Najum, wala simsingizii. Ninasema tu kwamba msomaji kuchukua mhusika wa mtu na kumpa nyumba nyingine si jambo geni kwetu.

Conan Doyle mwenyewe aliacha mlango wazi. Alimuua Holmes katika hadithi iliyotoka Desemba 1893. Wasomaji wakaja juu. Mwaka 1903 akamfufua. Kwa kalenda ya hadithi zenyewe, Holmes anapotea mwaka 1891 na kurudi London mwaka 1894. Katikati kuna miaka mitatu. Holmes anaieleza kwa maneno machache: alifika Tibet, akapita Uajemi, akachungulia Makka, akaonana na Khalifa huko Khartoum. Basi. Watson, aliyemlilia rafiki yake miaka mitatu, hamuulizi zaidi. Waandishi wa mkwaju wameandika maelfu ya kurasa kuijaza miaka hiyo mitatu.

Mwaka 2022 nilikutana na mwandishi aliyemteremsha Holmes kutoka Khartoum hadi Kilwa. Nilikuwa hapa hapa kibandani, saa nane usiku. Nilipoliona jina la Kilwa nilisimama. Watson anapata barua yenye mwandiko anaoujua, anapanda meli, anafika mwaka 1893 na kumkuta Holmes hai, amekaa kati ya magofu ya msikiti, peke yake, mbele yake bahari. Kilwa nzima haina mtu. Hakuna hata mbuzi.

Nikaandika uhakiki wangu wa kwanza wa ukali. Mistari kumi na tisa. Nikasema Kilwa haikuwa tupu. Nikasema kwamba kwenye Kisiwani watu waliendelea kuishi kando ya magofu, na kwamba mji mkubwa wakati huo ulikuwa Kilwa Kivinje, upande wa bara, ambako misafara kutoka Ziwa Nyasa ilileta pembe za ndovu na, kwa miaka mingi, watumwa. Nikasema mwaka 1888 watu wa Kivinje waliwaua mawakala wawili wa kampuni ya Kijerumani, na kufikia 1893 Wajerumani wamerudi na bunduki na wana boma pale. Kwamba Hassan bin Omari Makunganya alikuwa anajiandaa kupigana nao, na mwaka 1895 walimnyonga Kivinje. Wazungu wawili wasingeweza kulia kwenye msikiti wetu bila kuonekana na mtu. Sikumwambia kwamba sura yake ilikuwa imenitoa machozi. Nilimsahihisha kama mwalimu wa zamu.

Alijibu baada ya siku tisa. Alishukuru, akauliza swali moja: wakigonga mlango Kivinje, nani atafungua?

Sikuwa nimelitarajia. Nilikuwa na tarehe. Sikuwa na mtu. Nikatazama upande wa pili wa kibanda, mama mdogo anachambua mchele chini ya taa, nikaandika: atafungua mwanamke anayepika. Hatawauliza majina yao kabla hawajala.

Aliifuta sura, akaiandika upya. Kwa miaka miwili tukaendelea hivyo. Aliandika, nikahakiki; mara nyingine nikamsifu, kwa sababu nilishajifunza kwamba kumnyima mtu sifa anayostahili nako ni kusema uongo. Simjui jina wala nchi.

*

Nilipokuwa nikimjibu, nilifungua tena madaftari yangu ya chuo. Nilikuwa nimeandika tasnifu kuhusu habari za Kilwa, na sasa nikazisoma kama ninavyosoma hadithi za hifadhi ile.

Historia ya zamani ya Kilwa haikutufikia kwa mkono wa mtu mmoja. Toleo moja lilitoka mwaka 1552, kwa Kireno, ndani ya kitabu cha João de Barros, miongo michache baada ya Wareno kuuteka mji mwaka 1505. La pili ni la Kiarabu. Mtungaji wake hatajwi jina, alianza kuliandika karne ya 16, na nakala iliyopo iko Maktaba ya Uingereza, iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877. Limepangwa kwa milango kumi; tuliyonayo ni saba. La tatu ni la Kiswahili, masimulizi ya wenyeji ambayo Mjerumani Carl Velten aliyachapisha mwaka 1907.

Yote matatu yana mgeni kutoka Shirazi anayekuja kwa bahari akawa mtawala wa Kilwa. Lakini kwa nini aliondoka kwao? Barros anasema Ali alikuwa mtoto wa sultani na mama Mhabeshi, mtumwa, na ndugu zake wa mama mwingine walimdharau, akaona bora aende kutafuta pake. Toleo la Kiarabu halina mama huyo. Ndani yake sultani anaota ndoto: panya mwenye pua ya chuma anatoboa ukuta wa mji. Anaiona kuwa dalili ya maangamizi, wanaondoka kwa majahazi saba, baba na wanawe.

Nilipolisoma hilo mwaka wa pili, mhadhiri alitufundisha kupima lipi lina ukweli zaidi. Kazi hiyo ina maana yake. Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960, akachapisha kitabu chake mwaka 1974, mwaka ule ule wa hadithi ya Diane Marchant, na kwa kutumia sarafu na vigae aliisogeza mbele tarehe ya watawala wa Kishirazi. Mwaka 1984 sarafu zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, ziliwafanya wengine waanze kuirudisha nyuma. Lakini kibandani, saa nane usiku, niliuliza swali jingine. Ukimwondoa mama Mhabeshi kwenye habari, safari inabaki bila sababu. Hapo unahitaji panya. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, wala kwamba nani alimtangulia nani. Ninachokiona ni kwamba msimulizi akificha mtu, habari hutoboka mahali fulani, na tundu hilo linataka kuzibwa.

Toleo la Kiswahili nalo lina mtu ambaye mengine hayana. Wote tunaijua habari ya kisiwa kununuliwa kwa nguo. Tumesimuliwa tangu shule ya msingi. Katika masimulizi aliyoyachapisha Velten, mwenye kisiwa ni Mrimba, na mgeni anamwoa binti yake. Kisha ni binti huyo anayepeleka maneno ya mumewe kwa baba yake: kwamba ingefaa mzee ahamie bara. Ndipo nguo zinatandazwa. Kwa Waarabu na Wareno ilikuwa biashara kati ya wanaume wawili. Wenyeji wa hapa wakasema hapana, katikati yao alisimama mwanamke, na alikuwa mtoto wa mmoja na mke wa mwingine. Sijui ni nani alikuwa wa kwanza kumwona. Ningependa kuamini alikuwa mtu aliyesikiliza habari hiyo mara nyingi, hadi siku moja akauliza: na nyumbani kwa mzee, nani alimwambia?

*

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu. Mvua ikanyesha hadi maji yakakata barabara kuu maeneo ya Somanga, kaskazini mwetu. Siku kadhaa hakuna basi lililopita. Walionasa Nangurukuru walilala kwenye mabenchi yetu. Mama mdogo aliuza mchele hadi ukaisha, kisha akagawa uji. Njia ilipoanza kupitika kwa shida, Jumapili ya tarehe 12 intaneti ikazima. Nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika. Simu za watu wote zikawa tochi.

Nilikuwa na bahati moja. Hifadhi ile inaruhusu kupakua hadithi, na hadithi ya Kilwa nilikuwa nayo kwenye simu hadi sura ya 14, iliyotoka mwishoni mwa Aprili. Usiku wa kwanza bila intaneti mama mdogo aliniona ninasoma.

"Wenzako wote wamezimikiwa. Wewe unasoma nini?"

"Hadithi tu, mama."

"Ya Kizungu?"

"Ndiyo. Lakini inafanyika Kivinje."

Akavuta kigoda. "Nisimulie basi."

Mama mdogo alisoma hadi darasa la saba na Kiingereza hakijui. Ni mwanamke wa swala tano. Nilimpenda sana usiku ule, na nilimwogopa. Sheria za nchi yetu zinamfunga mwanamume anayelala na mwanamume mwenzake miaka isiyopungua 30, hadi maisha. Kusoma hadithi si kosa hilo, najua. Lakini neno likitoka kwenye kibanda cha njia panda hupanda basi na kufika Mtwara kabla ya mwenye nalo. Kwa hiyo nilifanya upesi kile nilichokuwa nimemlaumu mwandishi wa Kiarabu kukifanya. Nilimwondoa mtu. Daktari Watson akawa mwanamke, mke wa mpelelezi aliyedhaniwa amekufa.

Nilisimulia vizuri, nadhani. Barua, meli, Kivinje, boma la Wajerumani. Wakagonga mlango, akafungua mwanamke anayepika.

"Huyo hakuwauliza majina?"

"Hadi walipokula."

"Hapo sawa." Akacheka. "Huyo mimi."

Sikumwambia kwamba alikuwa amesema kweli. Nikaendelea. Katika sura ya 14 mama wa Kivinje ana vyumba viwili. Usiku anapita na taa, anaona chumba kimoja hakijalaliwa, mkeka umekunjwa kama alivyouacha. Anasimama kidogo. Kisha anazima taa, anaenda kulala. Asubuhi askari wa boma anapomuuliza habari za wageni wake, anajibu kwamba ni watu wasiosumbua. Sura inaishia hapo.

Mama mdogo alinyamaza. Alichochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Sijaelewa," akasema. "Hao si mke na mume?"

"Ndiyo."

"Sasa mama wa Kivinje amenyamazia nini?"

Sikuwa na jibu. Tukio zima limesimama juu ya ukimya wa yule mwanamke, na mimi nilikuwa nimeuvunja mguu wake. Mke na mume kulala chumba kimoja si habari. Hakuna cha kumficha askari. Nilikuwa nimeacha mkeka uliokunjwa, taa, swali la asubuhi, vyote vimekaa bila kazi, na mwanamke wa darasa la saba aliliona tundu mara moja.

"Umeisimulia vibaya," alisema akiinuka. "Kesho uisimulie vizuri."

Nililala asubuhi nzima bila kulala. Niliwaza kumpa panya. Ningeweza kusema walikuwa wamefiwa, au walikuwa kaka na dada waliojifanya mke na mume, au mmoja alikuwa mgonjwa wa ukoma. Kila nililolitunga lilikuwa na pua ya chuma.

Usiku wa pili, basi la saa tano lilipoondoka, nikamwambia daktari ni mwanamume. Sikusema zaidi. Nikarudia sura ya 14 tangu mwanzo, vyumba viwili, mkeka, taa. Nilisimulia nikitazama jiko. Nilipofika kwa askari sauti yangu ilikuwa imeshuka.

Alikaa kimya muda mrefu. Kwa mbali ilisikika bodaboda ya mtu wa Kivinje ikirudi.

"Astaghfirullah," akasema, taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu. Halafu: "Mambo ya watu anayajua Mungu." Halafu: "Hiyo usiwasimulie watu wa basi."

"Siwasimulii, mama."

"Mimi umenisimulia."

"Wewe uliuliza."

Akachukua vikombe, akaanza kuvisuuza. Nilidhani yamekwisha. Vikombe vinne baadaye, akiwa amenipa mgongo, akauliza: "Na walipoondoka kwa huyo mama, walishukuru?"

Nikamwambia kitabu hakijafika hapo.

"Kikifika uniambie."

*

Intaneti ilirudi kwa kusuasua, kwanza ujumbe mfupi, kisha picha. Nilipofungua hifadhi, hadithi ilikuwepo lakini jina la mwandishi halikuwepo.

Kuna utaratibu humo. Mwandishi anayetaka kuondoka si lazima afute kazi yake. Anaweza kuifanya yatima. Ndilo neno lenyewe wanalolitumia. Jina lake linatolewa, hadithi inabaki chini ya jina moja la jumla la mayatima wote, na hatua hiyo hairudishwi. Wasomaji wanaweza kuendelea kuandika maoni, lakini hayamfikii tena yeyote. Kwa nini mwandishi wangu aliondoka sijui. Labda na yeye ana mtu wa kumtazama usoni.

Sura ya 14 ndiyo ya mwisho. Nilipitia maoni yangu yote chini ya sura zote, miaka miwili. Yapo. Majibu yake yapo pia, bila jina: swali lake la siku ya tisa, nani atafungua. Nikaona kwamba anayekuja kuisoma sasa atakuta nusu ya mazungumzo ni ya mtu asiye na jina na nusu ni yangu, na mama wa Kivinje katikati. Hivyo ndivyo nilivyozikuta habari za Kilwa: mtungaji asiyetajwa, mnakili, milango saba kati ya kumi, na watu waliouliza swali pembeni hadi likaingia ndani ya habari yenyewe.

Nilikuwa nimezoea kuhakiki kwa Kiingereza. Safari hii niliandika kwa Kiswahili, kwa kuwa swali halikuwa langu. Niliandika kwamba hadithi imesimuliwa kwa sauti Nangurukuru, wakati barabara na intaneti vimekatika, mbele ya mtu mmoja. Kwamba msimulizi alibadilisha jambo moja na msikilizaji akaligundua usiku ule ule. Kwamba msikilizaji huyo anapika, ana vyumba viwili, na anataka kujua kama wageni walishukuru walipoondoka.

Nikabonyeza. Basi la kutoka Mtwara likawasha taa kwenye kona, na mama mdogo akaniita nilete vikombe.